Songwe hadi Nduli: namna ya kukokotoa mwenyewe umbali na muda wa safari ya ndege

Ukiandika mtandaoni "umbali wa ndege Mbeya hadi Iringa", utajibiwa papo hapo: kilomita mia tatu na ushei, dakika thelathini na tano hivi. Sasa mchukue mkulima wa parachichi wa Njombe anayempokea mnunuzi, au familia ya Iringa yenye mgonjwa anayetakiwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Wakiipanga siku yao kwa hizo dakika thelathini na tano, wataumbuka. Namba hiyo imepigwa kwa mstari ulionyooka na kwa kasi ya ndege ambayo pengine haitui kabisa kwenye kiwanja wanachokitaka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Karatasi, kalamu, simu yenye kikokotoo na hisabati ya sekondari vinatosha. Mfano wetu mkuu utakuwa Songwe, kiwanja cha ndege cha Mbeya, na Nduli, kile cha Iringa. Songea itaingia baadaye, maana hiyo ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi ramani inavyoweza kumlaghai msafiri wa Nyanda za Juu Kusini.

Hatua ya 1: Hakikisha kiwanja ni chenyewe

Hapa usiharakishe, kwa sababu kosa la hapa linasafiri nawe hadi mwisho wa hesabu.

Kila kiwanja kina vifupisho viwili. Cha herufi tatu ndicho unachokiona kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi. Cha herufi nne ni cha marubani na waongoza ndege, na kwa viwanja vya Tanzania Bara na Zanzibar kinaanza na HT. Songwe ni MBI na HTGW. Iringa, yaani Nduli, ni IRI na HTIR. Songea ni SGX na HTSO. Ona mtego ulivyokaa: mtu anayetafuta Songwe akiona SGX anajua amefika, kumbe amejikatia safari ya Ruvuma.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Kabla Songwe haijaanza kupokea abiria Desemba 2012, Mbeya ilikuwa na kiwanja kingine ndani ya mji, na herufi zake ni HTMB. Baadhi ya kurasa za kukokotoa umbali bado zinakitumia hicho cha zamani zikisikia neno Mbeya. Viwanja hivyo viwili viko karibu kwenye latitudo moja, ila cha zamani kiko longitudo 33°28′ na Songwe iko 33°16′. Tofauti ni dakika 12 za longitudo (dakika hapa si za saa, ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja), ambazo ni kilomita 22 hivi. Kwa anayekwenda London hilo ni punje. Kwa anayekwenda Iringa, karibu kilomita 20 zinayeyuka kwenye jibu na wala hajui.

Tena, Uwanja wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ni mwingine, makao yake makuu ni Vwawa, na kuna Mto Songwe pia. Ukitafuta "Songwe" peke yake kwenye ramani ya simu, kagua kidole chako kimetua wapi.

Hatua ya 2: Andika latitudo na longitudo

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania huchapisha taarifa rasmi za viwanja, zikiwemo nyuzi na dakika za kila kimoja. Kwa kazi yetu hizi zinatosha:

Songwe: 8°55′ Kusini, 33°16′ Mashariki
Nduli (Iringa): 7°40′ Kusini, 35°45′ Mashariki
Songea: 10°41′ Kusini, 35°35′ Mashariki

Simu nyingi hazionyeshi dakika, zinaonyesha desimali. Gawa dakika kwa 60, uongeze kwenye nyuzi: 55 ÷ 60 ni 0.92, kwa hiyo Songwe inakuwa 8.92. Kisha weka alama ya kutoa mbele yake, maana tuko kusini mwa ikweta: -8.92, 33.27.

Alama hiyo ndogo isikutoke. Ukiiacha, simu itakupeleka mpakani mwa Sudan Kusini na Ethiopia. Ukibadilisha mpangilio, ukatanguliza 33.27 na kufuatisha -8.92, utajikuta baharini mbele ya pwani ya Morocco. Namba ya latitudo hutangulia daima.

Hatua ya 3: Pima mstari ulionyooka

Mabaharia walituachia zawadi ambayo watu wengi hawaijui: dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, sawa na kilomita 1.852. Kwa hiyo ukiwa na nyuzi na dakika, nusu ya kazi umeshaimaliza kabla ya kugusa kikokotoo.

Toa latitudo: 8°55′ kutoa 7°40′ ni 1°15′, yaani dakika 75. Hizo ni maili 75 za baharini kuelekea kaskazini.

Toa longitudo: 35°45′ kutoa 33°16′ ni 2°29′, yaani dakika 149. Hizi za longitudo zinahitaji kupunguzwa kidogo, kwa kuwa mistari ya longitudo inasogeleana kadiri unavyoiacha ikweta, mpaka inakutana kwenye ncha za dunia. Zidisha kwa kosini ya latitudo ya katikati. Huku kwetu, kati ya latitudo 8 na 10, kosini ni kama 0.99, kwa hiyo 149 inakuwa 147.5. Kaa ukijua kwamba hapa tumependelewa: mtu anayepiga hesabu hii kwenye latitudo ya London anazidisha kwa 0.62, na akisahau, jibu lake limeharibika kabisa. Mtu wa Mbeya akisahau, anakosea kilomita mbili tatu.

Sasa una pembetatu yenye pembe mraba, na Pythagoras anamaliza. 75 mara 75 ni 5,625. 147.5 mara 147.5 ni 21,756. Jumla 27,381, na kipeuo chake cha pili ni 165.5. Zidisha kwa 1.852 upate kilomita 306.

Anayependa desimali na kilomita moja kwa moja atumie njia ya mkato: kila nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111, kila nyuzi moja ya longitudo huku Nyanda za Juu Kusini ni kilomita 110, kisha Pythagoras uleule. Dunia ni mviringo, sawa, lakini kwa kilomita mia tatu au mia sita mviringo huo hauonekani kwenye jibu. Ukitaka kupima Songwe hadi Guangzhou, tumia kikokotoo cha mtandaoni.

Kuhakiki ni rahisi. Fungua Google Maps, bonyeza na kushikilia juu ya kiwanja cha kwanza, chagua "Pima umbali", kisha sogeza hadi cha pili. Jibu likipishana na lako kwa kilomita moja au mbili, usijisumbue. Njia ya kurukia ya Songwe peke yake ina urefu unaozidi kilomita tatu, kwa hiyo inategemea umeweka kidole mwanzo wake au mwisho.

Hatua ya 4: Tazama mstari unapita juu ya nini

Tovuti za umbali hazifanyi hatua hii, na milimani ndiyo hatua yenye faida kuliko zote.

Vuta mstari kutoka Songwe kwenda Nduli. Kabla hujafika mbali, unakatiza safu ya Milima ya Mbeya, karibu na kilele cha Mbeya chenyewe, ambacho kina mita zaidi ya 2,800 kutoka usawa wa bahari. Kiwanja kiko kwenye mita 1,345 hivi, na kutoka hapo hadi mlimani ni kama kilomita 11, sawa na maili 6 za baharini. Sasa chukua ndege ndogo inayopanda futi 800 kwa dakika huku ikienda maili 100 za baharini kwa saa. Maili 6 zitaichukua dakika tatu na nusu hivi, na kwa muda huo itakuwa imepanda futi 2,900, yaani chini ya mita 900. Jumlisha na 1,345 na bado uko chini ya mita 2,300. Kilele kinakuangalia kutoka juu.

Rubani hataufuata mstari wako. Atazunguka, au atapanda kwanza upande ulio wazi, ndipo aelekee Iringa. Tena anatakiwa apite mbali juu ya vilele. Kanuni za kimataifa za kuruka milimani kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege, si macho, zinataka angalau mita 600 juu ya kizuizi kirefu kilicho karibu na njia. Baada ya kuivuka safu hiyo mambo hulainika: mstari unashuka juu ya Bonde la Usangu, unaiacha Rujewa upande wa kusini, unapita maeneo ya Ihefu, kisha unaitafuta Iringa kutoka magharibi.

Kwa makadirio yangu, ongeza asilimia 5 hadi 10 kwenye umbali wowote wa milimani. Zile kilomita 306 zifanye 325 hadi 335. Kwa Dar es Salaam kwenda Dodoma nisingeongeza kiasi hicho.

Hatua ya 5: Umbali ugeuze kuwa dakika za hewani

Usiulize "ndege inakwenda kasi gani". Uliza ni ndege ipi. Kwa kasi ya safari, ikiwa imeshapanda na kutulia, Cessna Caravan, ile ya injini moja ya pangaboi inayotua hadi kwenye viwanja vya changarawe vya hifadhini, huenda kama kilomita 300 kwa saa. ATR 72 huenda kama 510. Dash 8 Q400 huenda kama 660. Airbus A220 huenda kama 830.

Kwa Songwe na Nduli, kilomita 306 kwa Caravan ni saa 1 nzima. ATR ni dakika 36. Q400 ni dakika 28. Usifurahie mapema: kasi hizo hupatikana ndege ikiwa juu. Kupanda na kushuka hufanyika kwa mwendo mdogo, kwa hiyo ndege kubwa iongezee dakika 10 hadi 15, na Caravan iongezee 5 hadi 10. Sasa ATR inakaribia dakika 50 na Q400 dakika 42. Kwa safari fupi namna hii, ndege yenye mbio inamzidi mwenzake kwa dakika chache tu, kwa sababu hata haijapata nafasi ya kukimbia.

Safari ikirefuka, picha hubadilika. Songwe hadi Dar es Salaam ni kilomita 690 kwa mstari. ATR itachukua dakika 81 na nyongeza, yaani karibu saa 1 na dakika 35. Q400 ni saa 1 na robo na kidogo. A220 ni saa 1 na dakika chache. Hapo aina ya ndege ina maana kwa anayewahi kikao.

Kuna jambo la mwinuko pia. Songwe iko juu ya mita 1,300, Nduli juu ya mita 1,400, na kiwanja cha Njombe kinakaribia mita 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi, na ikipata jua la mchana inazidi kuwa nyepesi. Mabawa yanashika kidogo, injini inavuta kidogo, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili iruke. Kanuni ya mkono ya marubani ni kwamba kila futi 1,000 za mwinuko, sawa na mita 300, zinaongeza karibu asilimia 10 kwenye umbali wa kukimbia kabla ya kuruka. Njia ya kiwanja haiwezi kurefushwa siku hiyo, kwa hiyo kinachopunguzwa ni mzigo. Ukiambiwa abiria wapunguze mabegi, au ndege itaondoka asubuhi badala ya saa nane mchana, ujue ndiyo hesabu hiyo inayofanya kazi.

Hatua ya 6: Upepo

Kati ya Juni na Agosti kusi hutawala, ukivuma kutoka kusini mashariki. Kutoka Songwe kwenda Nduli ndege inaelekea nyuzi 63 kutoka kaskazini, yaani mashariki ikiinamia kaskazini. Kusi inaigonga ubavu wa kulia, mbele kidogo, na ni kama theluthi moja tu ya nguvu yake inayoirudisha nyuma. Upepo wa maili 30 za baharini kwa saa utakula kama 9. Caravan ya maili 165 kwa saa itatembea 156 juu ya ardhi, na safari itakuwa dakika 64 badala ya 60. Kurudi, upepo ukiwa mgongoni kidogo, ni dakika 57.

Watu wengi hudhani kwenda na kurudi kunafutana. Hakufutani. Upepo huohuo ungekuja usoni moja kwa moja, kwenda kungekuwa dakika 74 na kurudi 51, jumla 125, wakati bila upepo ni 120. Unapokwenda polepole unakaa ndani ya upepo mbaya kwa muda mrefu zaidi kuliko unavyokaa ndani ya ule mzuri. Kwa msafiri wa kawaida dakika tano si hoja. Kwa anayelipia ndege ya kukodi kwa saa, au anayewahi jua lisizame, ni hoja.

Hatua ya 7: Muda wa mlango hadi mlango

Muda ulio kwenye tiketi si wa hewani peke yake. Unahesabiwa tangu ndege inapoondoka ilipoegesha hadi inapoegesha tena, kwa hiyo kuna kujivuta kwenda kwenye njia, kusubiri zamu, na kujivuta tena baada ya kutua. Kwenye viwanja vyetu hivi vyenye ndege chache ni dakika 10 kwa jumla. Dar es Salaam weka zaidi.

Lakini kinachomeza siku ni kilicho nje ya ndege. Mfikirie mtu wa Uyole anayekwenda Iringa mjini. Songwe iko magharibi ya jiji, ng'ambo ya Mbalizi, kwa hiyo inabidi akatize Mbeya nzima kwa barabara ileile ya malori ya Tunduma: Mafiati, Nzovwe, Iyunga, Iwambi, ndipo Mbalizi. Lori moja likiharibika mlimani, kila mtu anasimama. Mpe saa 1 na nusu. Afike kiwanjani saa 1 na nusu kabla ya ndege. Ndege saa 1. Kutoka na kuchukua begi dakika 25. Kutoka Nduli hadi mjini, kwa bajaji au teksi, dakika 25 nyingine. Jumla ni karibu saa 5.

Basi kutoka stendi ya Nanenane, Mbeya, hadi stendi ya Igumbilo, Iringa, ni kama kilomita 330, saa tano mpaka saba kutegemea malori na mizani, na huyu wa Uyole tayari yuko upande wa Iringa. Mimi ningepanda basi. Anayekaa Mbalizi yenyewe ana hesabu nyingine kabisa, na mgonjwa aliyelala kwenye machela naye ana yake.

Wakati wa ukungu, hasa asubuhi za miezi ya baridi, usifunge ratiba kwa dakika. Ndege ya kwanza ikisubiri mawingu yanyanyuke, zote za siku hiyo zinasogea nyuma.

Pale ambapo hakuna ndege ya moja kwa moja

Sasa Songea. Songwe hadi Songea: latitudo zinatofautiana dakika 106, longitudo dakika 139, ambazo zikipunguzwa ni 137. Pythagoras anatoa maili 173 za baharini, kilomita 320. Mstari wenyewe ni mzuri kuutazama: unapita karibu na Tukuyu, unagusa ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa jirani na Matema, unaparamia Milima ya Livingstone, unapita karibu na Ludewa, kisha unashuka Songea. Barabara haiwezi kufuata huko. Inabidi irudi hadi Makambako, ikate kusini kupitia Njombe, na jumla yake inazidi kilomita 450.

Kwa hiyo ndege ingekuokoa sana, kama ipo inayokwenda moja kwa moja siku unayoitaka. Ratiba za viwanja vidogo hubadilika, hivyo angalia kabla ya kupanga. Kama haipo, utapitia Dar es Salaam, na hapo umbali unaosafiri unaruka kutoka 320 hadi 1,270: Songwe–Dar 690, Dar–Songea 580. Kwa ATR hiyo ni karibu saa 3 za hewani, ongeza kusubiri kuunganisha ndege, ongeza barabara za pande zote mbili. Siku imekwisha, na basi la Njombe nalo lingekuwa limefika. Ukikosa ndege ya pili, kuna gharama ya kulala Dar.

Kanuni ninayoitumia: umbali wa kupitia Dar ukizidi mara tatu ya mstari ulionyooka, tazama kwanza bei na muda wa basi. Hapa ni karibu mara nne.

Saa za tiketi, saa za rubani, saa zetu

Tiketi huandika kwa mtindo wa saa 24. Kwa saa za kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa sita: 13:40 ni saa saba na dakika arobaini mchana, 09:05 ni saa tatu na dakika tano asubuhi. Kwa zilizo chini ya sita, ongeza sita: 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwambie dereva wa teksi kwa Kiswahili, na mwonyeshe tiketi vilevile. "Saa saba" iliyosemwa kwa simu na mtu wa ofisi ya safari inaweza kuwa 07:00 au 13:00 kutegemea alikulia wapi.

Ukiona taarifa ya hali ya hewa ya kiwanja yenye herufi Z baada ya saa, hiyo ni saa ya dunia, na sisi tuko mbele yake kwa saa 3. 0900Z ni saa 6 mchana kwetu. Zambia na Malawi wako nyuma yetu kwa saa 1, kwa hiyo anayevuka kutoka Nakonde kuja kupanda ndege Songwe asogeze saa yake mbele kabla hajatoka hotelini.

Ndege ya kukodi

Mwenye ndege hakutozi kwa mstari wako, anakutoza kwa saa ambazo ndege yake imekuwa hewani tangu ilikotoka hadi irudipo. Ndege ikiwa kituo chake ni Dar es Salaam, safari yako ya Songwe hadi Nduli inakuwa Dar–Songwe 690, Songwe–Nduli 306, Nduli–Dar 390. Umekaa ndani kwa kilomita 306 na umelipia karibu 1,390. Ndiyo maana swali la kwanza kwenye simu liwe "ndege iko wapi siku hiyo?" Ikiwa tayari imeleta watalii Ruaha na inarudi tupu, una nafasi ya kujadiliana bei.

Swali la pili ni jua. Kwenye kiwanja kisicho na taa, au ambacho huduma zake hufungwa jioni, ndege lazima iwe chini kabla ya giza, na hapo hesabu hufanywa kwa kurudi nyuma. Kumbuka kwamba kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4 za jua. Nduli iko mashariki ya Songwe kwa nyuzi mbili na nusu, kwa hiyo jua la huko huzama dakika 10 mapema. Mtu wa Mbeya anayetazama dirishani na kusema "bado kweupe" anajikopesha dakika ambazo Iringa haina.

Tuseme ni Juni na jua linazama upande wa Nduli saa 12 na dakika 25 jioni. Weka nusu saa ya akiba: ndege iwe imetua saa 11 na dakika 55. Caravan pamoja na kupanda, kuzunguka mlima na upepo wa kusi, mpe saa 1 na robo: iruke Songwe isizidi saa 10 na dakika 40. Kupakia na ukaguzi, dakika 40: abiria wote wawe kiwanjani saa 10 kamili. Na yule wa Uyole atoke nyumbani saa 8 na nusu mchana.